Saa Arobaini na Nane Bila Kukatika

Chepkirui aliuona mstari umeanguka kabla hata hajavua koti. Kwenye skrini ya kompyuta, joto la maji lililokuwa likipanda polepole tangu jana asubuhi lilikuwa limeporomoka. Pampu kimya. Na alikuwa ametoka kwa saa mbili tu, kwenda kuoga nyumbani Greenbelt!

Alikimbilia jikoni mwa kanisa. Maman Gaudiose, msafishaji wa kanisa, alikuwa ameinamia jiko la umeme, mandazi yanaumuka kwenye mafuta, chai inafoka. Waya mnene wa mashine ulikuwa sakafuni, umekunjwa kwa heshima zote.

"Karibu, mtoto yangu! Tangu jana uko inje na hii baridi, hauna hata chai. Nikasema, hapana, huyu atatufia hapa."

"Mama, umechomoa waya wangu?"

"Dakika kidogo tu. Jiko ilikosa prise ya kuchomeka."

Loo! Chepkirui akajikalia juu ya ndoo.

Nyuma ya kanisa lile la Lanham, Marekani, alikuwa amechimbisha shimo la futi mia tatu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha maji ya moto kwenye bomba humo chini, saa arobaini na nane bila kukatika, ajue udongo unapokea joto kiasi gani. Namba hiyo ikipatikana, inajulikana kama kanisa linaweza kupashwa joto na ardhi yenyewe na kuachana na gesi. Ikikatika, huendelei ulipoishia. Unauacha udongo upoe siku kumi na mbili, ndipo uanze upya. Na wafadhili wa utafiti walitaka ripoti Ijumaa, la sivyo mkataba wake wa chuo ungeishia tarehe thelathini Novemba. Miaka tisa tangu atoke Bomet, Kenya, akiogesha wazee wa watu huko Bowie ili alipe karo ya udaktari wa udongo, yote imefika hapa, kwenye soketi ya jiko.

Alikuwa amebandika karatasi ukutani: waya usiguswe. Kwa Kiingereza, tena kwa herufi kubwa. Gaudiose alikuwa mwalimu huko Uvira, Kongo. Kifaransa anakisoma, Kiswahili anakisoma.

"Niliona ile karatasi," alisema huku machozi yakimtoka. "Nikafikiri ni tangazo ya usafi."

Chepkirui alikuwa na hasira, tena hasira hasa. Lakini mjinga aliyeandika Kiingereza kitupu alikuwa nani? Aliinywa chai yote, akatoka nje kumpigia Profesa Ferdinand, Mtanzania aliyemwajiri.

"Una saa ishirini na tisa nzuri," Ferdinand alisema. "Washa tena, unganisha mistari, dada. Nani ataona?"

"Prof, hawa watu watachimba mashimo kumi na mawili kwa namba yangu. Wakiganda Januari niwaambie nini?"

"Wafadhili hawanunui huruma. Ijumaa ni Ijumaa."

"Basi Ijumaa nitawatumia ukweli. Halafu nitapima upya."

"Kwa kazi ipi? Mkataba unaisha Jumanne ya tarehe thelathini."

"Mashine mnaitaka lini?"

Ferdinand alikohoa. "Jumanne hiyo hiyo. Jioni."

Alihesabu kwa vidole palepale kwenye maegesho. Udongo ungekuwa umepoa Jumapili ya tarehe ishirini na nane. Jumapili asubuhi hadi Jumanne asubuhi: saa arobaini na nane kamili, hakuna siku ya akiba. Ijumaa alituma ripoti yenye pengo lake wazi, na hakujibiwa. Jumatatu aliwapigia simu wale wa wazee huko Bowie, akaomba zamu.

Tatizo lilikuwa ibada. Jengo lile lilikuwa la zamani. Mashine ikiwaka, kisha spika na hita ziwashwe, umeme wote unaruka. Chepkirui hakuthubutu kumwomba mtu lolote. Gaudiose ndiye aliyekwenda kwa Pasta Venuste, na walichoongea huko ofisini hakuna aliyeambiwa.

Jumapili, mashine ikiwa imewashwa tangu alfajiri, Pasta alisimama mbele ya watu bila kipaza sauti.

"Ndugu zangu, leo hakuna spika, hakuna hita, hakuna kinanda. Msivue makoti. Mama Gaudiose amekaa mlangoni pa jiko, na mimi mwenyewe nimekatazwa kupita."

Watu wakacheka, wakafunga zipu mpaka kidevuni.

Nje, Chepkirui alikuwa amepiga magoti kando ya bomba akiwa na daftari, maana kompyuta aliiamini, lakini si sana. Kwaya ilikuwa ikiimba bila chombo chochote, sauti zikitetemeka kwa baridi, akina mama wakipiga makofi kwa mikono yenye glavu. Simu ikaita mfukoni. Ferdinand. Siku tisa tangu ripoti, hakupiga.

Saa tano kasoro dakika moja. Kipimo cha saa tano kilikuwa kinakaribia. Aliiacha simu iite, akafuta ukungu kwenye kioo cha kipimajoto kwa kidole gumba, akashika kalamu.