Utabiri Usiovuka Agosti

Karatasi ya Casimir Lubowicki ilinifikia Ijumaa ya pili ya Kwaresima ikiwa imejazwa upande mmoja. Safu ya kushoto, ya besiboli, ilikuwa imejaa mwandiko wake mnene hadi kwenye pambizo. Safu ya kulia, ya futiboli, ilikuwa tupu.

Nilidhani amesahau. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipiga karatasi hizo mistari kwa rula kila mwaka, kwa miaka ishirini na miwili, na nilijua kwamba wazee wenzangu hukosea kwa namna zote isipokuwa kwa kukaa kimya. Hapa Erie, mji wetu wa kando ya ziwa, mtu huzaliwa katikati ya miji mitatu yenye timu: Buffalo mashariki, Cleveland magharibi, na Pittsburgh kusini, kila mmoja mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kwa hiyo hata familia moja haikubaliani, sembuse meza nzima ya watu wanaokula samaki wa Ijumaa za Kwaresima katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Ili ubishi uwe na utaratibu, niliamua zamani kwamba kila mwenye la kusema aliandike. Besiboli kushoto, kuanzia Aprili na kiangazi chote. Futiboli kulia, ile yetu ya kukumbatia mpira na kuangushana, kuanzia Septemba hadi Februari. Aandike kila timu itashinda mechi ngapi, itaanzaje mechi ya kwanza, bingwa atakuwa nani, na sababu zake. Karatasi zilizokamilika hubandikwa kwenye mlango wa jiko, na hapo hukaa mwaka mzima zikituaibisha kwa zamu.

"Caz," nilimwambia, "umeacha nusu."

Alikuwa akimwagia samaki wake siki. "Sijaacha. Nimemaliza."

"Na futiboli?"

"Andikeni nyinyi. Mimi mwaka huu nafika Agosti, natosheka."

Vito Palermo, kinyozi mstaafu na shabiki wa Cleveland, aliweka uma chini. "Ameona haya huyu. Mwaka jana alisema Cleveland hatuwezi kuifunga hata kwaya ya kanisa."

Kwa kawaida neno kama hilo lingetupeleka hadi wakati wa kufagia ukumbi. Casimir alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha vichwa vya treni, na sauti aliyoizoea ni ile ya kushindana na mashine. Lakini Ijumaa ile aliinamia sahani yake akaendelea kula.

Nilikwenda kwenye meza ya kugawia chakula, alikokuwa mkewe, Loretta, akipakua kabichi. Hakusubiri niulize.

"Ni moyo, shemeji. Kilango kimoja hakifungi vizuri. Wamempa tarehe ya kufunguliwa kifua, ishirini na saba Agosti, na karatasi ya kukubali upasuaji imo ndani ya droo kwa wiki mbili sasa. Hataki kuisaini."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema akipasuliwa ana nafasi nzuri sana. Asipopasuliwa, tusihesabu majira ya baridi." Alinipa sahani ambayo sikuiomba. "Nilimwambia tutengeneze paa mwezi wa kumi. Akaniambia nipatane na fundi mwenyewe. Kila kitu anakikatia Agosti. Mtu hasaini kupasuliwa kama haoni kitu upande wa pili."

Nilirudi mezani nikafanya kile nilichosomea. Nilimweleza Casimir, polepole na kwa mpangilio, kwamba kati ya wagonjwa mia moja wa namna yake, zaidi ya tisini na watano huamka na kurudi nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, kama mwanafunzi mwenye adabu anayengoja kengele.

"Mwalimu," akasema, "umefundisha hesabu miaka mingapi?"

"Thelathini na saba."

"Na yule anayeshika mkia darasani, uliwahi kumwambia asijali kwa kuwa wenzake wamefaulu?"

Vito alinitazama kama mtu anayetazama mchezaji aliyedondosha mpira rahisi.

Wiki iliyofuata ndiyo niliyofanya kosa langu, na nalieleza wazi ili lisije likahesabiwa kuwa ujanja. Kanuni yangu inasema karatasi isiyokamilika haibandikwi. Sikuweza kuvumilia kuuona mlango ule bila jina la Lubowicki. Basi Alhamisi, nikiwa mezani kwangu, niliijaza safu yake ya kulia kwa penseli. Nilikuwa nimejaa huruma, na huruma ilinipumbaza. Niliipa Pittsburgh, timu aliyorithi kwa baba yake, ushindi wa mechi kumi na nne kati ya kumi na saba. Kwenye mstari wa bingwa niliandika: Pittsburgh.

Miongoni mwetu mtu anaweza kutabiri kwamba ziwa litakauka, na watu watasema ni maoni yake. Lakini hakuna aandikaye timu yake mwenyewe kuwa bingwa kabla msimu haujaanza. Kufanya hivyo ni kuiletea mkosi. Mimi ni wa Buffalo tangu utotoni, na mkono wangu haujawahi kuandika neno hilo kwenye mstari ule. Nililijua vizuri, na bado nikaliandika kwa jina la mtu mwingine, nikidhani namzawadia.

Ijumaa nilimkuta Casimir amesimama mbele ya mlango wa jiko, miwani kwenye ncha ya pua. Alisoma kuanzia juu hadi chini, akarudia.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Kwa jina langu."

"Nilitaka isikosekane mlangoni, Caz. Ichukulie kama zawadi."

"Mabingwa," alisema, na sauti ya kiwandani ilianza kurudi. "Pittsburgh mabingwa. Mwezi wa tatu. Wachezaji wapya hawajachaguliwa, ratiba haijatoka, wewe umeshawavika taji. Unaniombea au unaniroga?"

"Mimi nimeipenda," alisema Vito kutoka mezani. "Iacheni hapo hapo."

"Nyamaza, Vito. Vijana wale wakivunjika magoti mwezi wa kumi, mji mzima utasema ni Lubowicki. Mjane wangu atasemwa sokoni." Aliivuta karatasi, kipande cha utepe wa gundi kikabaki mlangoni. "Lete kifutio."

Nilimpa. Huwa ninacho mfukoni.

Aliketi akafuta kila nilichoandika, akapuliza mavumbi ya kifutio upande wa Vito, kisha akaanza. Samaki wake alipoa bila kuguswa. Alisoma kila mstari kwa sauti alipokuwa akiuandika, na watu wa meza za jirani waligeuza viti.

"Pittsburgh, mechi tisa. Kama kawaida yetu. Si wabovu kiasi cha kupewa mchezaji mpya bora, kama wanavyopewa walioshika mkia, wala si wazuri kiasi cha kumkosa kwa raha. Mechi ya kwanza, tunafungwa."

"Na Cleveland?" aliuliza Vito.

"Sita. Mna walinzi wa kuzuia treni, na mrusha mpira hamna. Hamtampata hata mkitangaza baada ya komunyo."

"Sita ni nyingi," alisema mtu wa meza ya nyuma.

"Nimeongeza moja kwa sababu ya Kwaresima." Aligeukia kwangu. "Buffalo, kumi na mbili. Mtatufurahisha mpaka Krismasi, kisha Januari, kwenye mechi za mtoano, mtapata njia mpya ya kushindwa, ambayo hata shetani hakuifikiria. Andika kwamba nilisema."

"Unaandika wewe," nilimkumbusha.

Aliendelea hivyo, timu baada ya timu. Bingwa alimtoa mbali, timu ya magharibi isiyotuhusu, kwa sababu, alisema, furaha hukaa mbali na sisi kwa desturi. Ulibaki mstari wa mwisho kabisa: jumla ya pointi katika fainali ya Februari, ambayo hutumika kuwatenganisha watabiri waliolingana. Hapo kalamu ilisimama.

Hakuna aliyemsaidia. Hata Vito, ambaye hajawahi kuacha nafasi wazi katika mazungumzo, alikunja mikono. Nilikuwa nimeshajifunza wiki ile kwamba mtu hajaziwi mstari wake.

Loretta alikuja na kijiko cha kabichi mkononi, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Hospitali wanakaa na mtu siku ngapi?" Casimir aliuliza bila kugeuka.

"Saba, kama hakuna tatizo."

"Ishirini na saba, ongeza saba." Alihesabu kwa vidole, mbele ya mwalimu wa hesabu. "Tarehe tatu nyumbani. Msimu unaanza baada ya hapo?"

"Siku chache baadaye," nilisema.

"Na watanizuia kutazama?"

"Daktari hajataja futiboli," alijibu Loretta.

"Hajui, ni mtu wa Florida." Aliandika arobaini na nne, akapigia mstari chini. Kisha alisema kwa sauti ndogo, ya kumfikia mkewe tu, ingawa nami nilikuwa karibu: "Ile karatasi ya droo, kesho nikumbushe."

Loretta aliweka mkono begani mwake. "Nitakukumbusha leo," akasema, akarudi kwenye kabichi.

Upasuaji ulichukua saa tano. Jumapili ya kwanza ya futiboli mwezi Septemba, mimi na Vito tulikuwa sebuleni kwa Casimir, yeye akiwa kwenye kiti cha kulaza mgongo, amekumbatia mto kifuani kama alivyoagizwa, maana kila kicheko na kila kikohozi kilikuwa kikimkumbusha mshono. Alikuwa amekonda. Loretta alimkataza kupiga kelele, naye alitii kwa robo tatu za mchezo.

Katika robo ya nne Pittsburgh walitoka nyuma wakashinda, kinyume na alivyoandika. Casimir aliubana mto, akafumba macho, akacheka kwa maumivu na kwa uangalifu, machozi yakimtoka.

"Niwekee kosa, Mwalimu," alisema alipopata pumzi. "La kwanza."

Nilikuwa nimekuja na nakala ya karatasi yake. Katika miaka yangu ya ualimu nimetia alama ya kosa mara zisizohesabika, na mara nyingi kwa masikitiko. Ile niliitia taratibu, nikimshukuru Mungu, na daktari wa Florida, na mwanamke aliyekuwa jikoni akikata mkate, kwa ajili ya mtu aliyebaki hai akaweza kukosea.

"Umeona?" Vito alimwambia. "Hujui chochote, wewe mzee."

"Subiri wiki ijayo," Casimir alimjibu, akijiweka sawa kitini. "Wanafungwa. Na nitakueleza kwa nini. Loretta, mwambie huyu asiondoke."