Kazi ya Mtani

Kuku wa Fortunata waliliwa wote siku moja, siku aliyozikwa babu yake. Hakuna aliyewaiba. Waliliwa mchana kweupe, mbele ya katekista, na waliowala walinawa mikono wakamshukuru Mungu.

Mwenye kuzijua mila za kijiji cha Kikole haulizi ilikuwaje. Ukoo wa Mzee Modesti, huyo babu aliyezikwa, na ukoo wa kina Likwata ni watani tangu enzi za mababu, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye nyumba. Yeye huchimba kaburi, yeye hupika, yeye hutuma watu maji, na yeye huchukua anachokitaka bila kuomba. Ukikasirika umejiaibisha. Ukililia mali badala ya kumlilia marehemu, utaimbiwa jambo hilo mpaka uzeeke.

Shaaban Likwata, mwenye mashine ya kusaga pale njia panda, alifika asubuhi na mapema. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti na kofia ya marehemu, akachechemea uani vilevile kama marehemu alivyokuwa akichechemea, huku akigomba kwamba chai haina sukari. Bertha, mama yake Fortunata, tangu jana yake hakuwa ametia kitu kinywani. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia sana, kisha akanywa uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na kwa kazi hiyo Likwata hakuwa na mwenzake.

Lakini Fortunata macho yake yalikuwa kwenye kuku. Alikuwa na miaka kumi na minne, amemaliza darasa la saba, na kuku wale aliwapata kwa jasho lake. Mwaka uliopita aliamia ndege kwenye mpunga wa jirani, akashinda juani akipiga debe na kupayuka mpaka sauti ikamkauka, na jirani akamlipa mtetea mmoja. Mtetea akatotoa, watoto wake nao wakatotoa, na wote walikuwa wakisubiri kuuzwa mwezi wa Desemba. Fortunata alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Shule iko mbali, wasichana hulala hosteli, na hosteli mtu haendi mikono mitupu: godoro, tranka, ndoo, shuka. Baba yake alikwenda Mtwara kutafuta kazi akapotelea hukohuko. Babu ndiye aliyewahi kusimama uani, akawatazama wale kuku na kusema watatosha.

Na kama vitu hivyo visingepatikana, mipango ilikwisha kupangwa. Shangazi wa Lindi alikuwa amejifungua, anataka binti wa kumlelea mtoto, na shule ingeangaliwa mwakani. Hiyo mwakani tunaijua. Wasichana wengi wa Kikole wameingojea wakiwa na watoto wa watu mgongoni, na mpaka leo haijafika.

Kwa hiyo Fortunata alipoona watani wanaingia, aliwafungia kuku wake jikoni chini ya tenga, akatupia gunia juu. Likwata akauliza kama nyumba hii haina kuku. Fortunata akamjibu bila kupepesa macho kwamba waliisha kwa ugonjwa wa mdondo. Sala ikaanza, watu wakainamisha vichwa, na katika ule ukimya jogoo akawika. Likwata akasema amina. Hata katekista alishindwa kujizuia kucheka.

Likwata aliwachinja kuku yeye mwenyewe, ili Waislamu na Wakristo wale sahani moja. Walipokwisha kuiva, akamletea Fortunata firigisi kwenye kisahani, akamwambia mwenye kuku ale firigisi. Watu wakacheka. Fortunata akaila, maana kuikataa kungekuwa kukasirika.

Matanga yalipokwisha alimwambia mama yake kwamba Likwata amemla yeye, hakula kuku. Bertha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jambo ambalo Fortunata alilijua tangu utotoni na lililomwingia vizuri siku hiyo: mtani hadaiwi. Yule ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea babu yako. Aliyemlaza baba yangu ardhini nitamfuata na kikapu kudai kuku?

Fortunata alilala na maneno hayo, akaamka nayo, na akayakuta yana upande wa pili. Kama mtani anaweza kuchukua bila kuomba, na yeye si mtani? Asubuhi hiyo alikwenda njia panda, akaingia kwenye mashine bila kubisha hodi, akachukua ufagio uliokuwa umeegemea ukutani, akaanza kufagia.

Likwata akamuuliza anatafuta nini.

“Nimekuja kula kwako,” Fortunata akasema, “mpaka kuku wangu waishe humo tumboni mwako.”

Likwata alicheka akashika kiuno. Aliwatangazia akina mama waliokuwa kwenye foleni kwamba mwizi aliyewaficha kuku wa watani amejileta mwenyewe, tena na mikono miwili, na kwamba hatafukuzwa. Fortunata alijiona mjanja kuliko wote. Wasichana wenzake walikuwa wakizunguka na ndoo za barafu na ubuyu, wavulana wakichimba mchanga, na yeye amepata kazi kivulini kwa sentensi moja.

Na kazi aliifanya. Likwata hakuwa na macho ya kupanga foleni. Kila siku wanawake walikuwa wakigombana nani ametangulia. Fortunata alipokuja, ugomvi ukakoma. Alijua nani kaja na debe la nani, nani anataka sembe na nani anataka dona, nani anaacha mahindi na kwenda mtoni kufua. Alipokea pesa, akaziweka kwenye kopo, na jioni kopo halikuwahi kupungua. Pumba alizikusanya na kuzifunga vizuri, wafuga kuku wakawa wanazifuata mpaka kutoka vijiji vya jirani. Jioni alirudi nyumbani kope nyeupe kwa unga kama bibi kizee.

Na utani haukulala. Likwata alimwita mwizi, Fortunata akamwita fisi. Hakumwamkia hata siku moja. Asubuhi alimuuliza kama ameshakula mali ya yatima au bado. Kuna wanawake walioanza kuleta mahindi yao kwa Likwata, na njiani wanapita mashine nyingine, kwa ajili ya kuwasikiliza wale wawili. Baada ya msiba ule, kicheko cha kwanza cha kweli Fortunata alikichekea pale. Alikuwa anampenda Likwata, na hakuwa amekusudia.

Ila Jumamosi ilipofika, Likwata alimlipa Boniface peke yake. Huyu Boniface alikuwa kijana aliyemzidi Fortunata kama mwaka hivi, akibeba magunia na kumimina mahindi. Fortunata akangoja. Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo. Akauliza, na wewe fisi, mshahara wangu umeula pia? Likwata akajibu kwamba mwizi halipwi, mwizi hufungwa. Foleni nzima ikacheka, na Fortunata akajikuta anacheka nayo. Akajaribu tena siku nyingine, na tena ikawa kicheko. Kila alichosema mle ndani kiligeuka utani kabla hakijafika chini. Chakula cha mchana alipewa, pumba za kubeba nyumbani alipewa, lakini pumba hazilaliwi hosteli.

Ni Boniface aliyemfungua macho, wakati wanakula mihogo nyuma ya mashine.

“Mimi nilikuja kuomba kazi,” alimwambia. “Wewe ulikuja kama mtani. Mtani analipwa wapi?”

Fortunata aliweka muhogo chini. Aliona alivyojifunga mwenyewe. Mlango ule ule alioupitia kwa ujanja ndio uliomfungia ndani: mtani huchukua bila kuomba, na mtani hufanyishwa kazi bila malipo, na kote kuwili mtani hadaiwi. Ilikuwa katikati ya Desemba. Shangazi alikuwa amekwisha kutuma nauli ya kwenda Lindi.

Usiombe mwanadamu awe kati ya haki yake na mtu anayempenda. Bertha alipoambiwa, alishika kichwa. Alisema mtoto akimdai Likwata, yeye Bertha atapita wapi njia panda ile? Lakini hakumkataza, na Fortunata alilikumbuka hilo siku nyingi baadaye, kwamba mama yake aliyeogopa aibu kuliko njaa hakumkataza.

Jumamosi Fortunata alivaa gauni lake la kanisani. Alifika mashine, hakuingia. Alisimama nje ya mlango, mbele ya foleni, akabisha hodi. Likwata akageuka, uso wake tayari umefunguka kwa kicheko.

“Shikamoo, baba,” Fortunata akasema.

Wanawake wawili watatu wakaanza kucheka. Likwata akauliza nani tena amekufa. Fortunata hakucheka. Alikuwa ameshika mikono nyuma, na mdomo ulimkauka kuliko siku za kuamia ndege. Kile kicheko kikapungua, kikaisha. Likwata akamwashiria Boniface azime mashine, na ule mngurumo ulipokoma watu walijisikia kama wamevuliwa nguo.

“Marahaba,” Likwata akasema taratibu.

“Leo sikuja kwa utani, baba. Nimefanya kazi hapa tangu matanga ya babu yangu. Naomba unilipe.”

Mama mmoja alijifanya anapepeta mahindi ambayo yalikwisha kupepetwa. Likwata alitazama kopo la pesa, akatazama pumba zilizofungwa vizuri ukutani, akamtazama tena mtoto yule. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeondolewa sahani kabla hajashiba. Akauliza analipwa kama nani. Fortunata akasema kama Boniface. Likwata akasema Boniface anabeba magunia. Fortunata akajibu kwamba magunia yanaongezeka tangu yeye aanze kupanga foleni, na kama anasema uongo, aulizwe Boniface. Boniface akatazama miguu yake, akasema ni kweli.

Likwata alilipa. Alilipa yote, na hakuitupa pesa. Aliikunjua noti moja moja na kumpa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. Kama angelipa bila kuombwa, mimi sijui, na Likwata mwenyewe sidhani kama alijua. Wapo watu wanaokula haki ya mtu huku wanampenda, na wala hawajisikii wanatafuna.

“Umesema kweli, binti,” alimwambia. “Jumatatu uje, kazi ipo.”

Jumatatu alikwenda, na mpaka Januari hakukosa hata siku moja, wala haikupita Jumamosi bila kulipwa. Kila asubuhi Likwata alimwitikia salamu vizuri. Alimuuliza mama hajambo, akamwambia apumzike jua likiwa kali, akamwita binti, na mara nyingine akamwita Fortunata, jina lote, kama padri. Siku ya kwanza Fortunata alimwita fisi ili mambo yarudi yalivyokuwa. Likwata alitabasamu kidogo, akainama kukaza mkanda wa mashine. Akina mama nao wakaacha kuongeza maneno. Foleni ilikwenda haraka sana siku hizo.

Nauli ya shangazi ilirudishwa. Godoro lilinunuliwa Nangurukuru, tranka pia, na kofuli lake, na Bertha aliyapanga yote sebuleni na kuyazunguka kwa siku mbili akiyagusa. Alipita njia panda kichwa juu, na hakuna aliyemwimbia lolote.

Asubuhi ya safari Fortunata alipanda bodaboda, godoro limefungwa nyuma yake, tranka mbele ya dereva. Walipofika kwenye mashine akaomba wasimame. Likwata alikuwa mlangoni akizozana na mzee mmoja kwa maneno ya kuchekesha, na watu walikuwa wamekwisha kushika mbavu. Fortunata akamwita kwa sauti ya juu. Akamwambia, mtani, mimi naondoka, kimbia upesi nyumbani kwetu ukaangalie kama kuna cha kula kilichobaki.

Likwata alijifuta unga mikononi. Akaacha watu wake, akaja mpaka barabarani, akamshika mkono.

“Nenda salama, mwanangu,” alisema. “Soma kwa bidii, waheshimu walimu wako. Mwenyezi Mungu akutangulie.”

Fortunata akasema asante, baba. Pikipiki ikaondoka, na kabla hawajafika hata mwisho wa kijiji alianza kulia, akilia kwa sauti kama ambavyo hakulia siku ya msiba. Dereva akapunguza mwendo, akamuuliza kama analilia mama yake. Alimjibu ndiyo, maana angemwelezaje mtu kwamba analia kwa sababu ameombewa dua njema badala ya kuitwa mwizi.