Ndege wa Uani

Mimi ni fundi cherehani na sijui kutulia. Chai nakunywa nimesimama, naoga mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Wiki ile nilikuwa na mashati arobaini ya sare, mwenye shule anayataka Ijumaa, na mama yangu anaita kutoka uani.

"Mwanangu, njoo uone! Mnana anasuka kiota kwenye mpera."

"Nakuja, mama."

Sikwenda. Tangu lini ndege akashona sare? Siku ya pili akaita tena, na ya tatu, nami nikazidi kukanyaga pedeli. Daktari wa macho alishaniambia kwamba nuru ya mama itapungua taratibu mpaka iishe. Nikalishika hilo neno taratibu, nikajipa moyo kwamba muda upo. Oda hii ikiisha, nitakaa naye siku nzima. Nilishasema hivyo kwa oda tatu.

Jumatano alasiri mama akaingia chumbani akipapasa ukuta, akagusa rundo la mashati yaliyokamilika. Kazi hii alinifundisha yeye. Akapitisha vidole kwenye bega la shati moja, akaguna.

"Atakayevaa hili anatembea kinyumenyume?"

Nikalinyakua. Mikono nilikuwa nimeibadilisha, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia, mashati kumi na mawili mazima! Nikatukana uzi, nikatukana sindano, nikatukana mkasi ambao haukuwa na kosa lolote.

"Ukimaliza kuutukana mkasi, lete hayo mashati nje tufumue," mama akasema.

Tukakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Mguu wangu ulikuwa ukikanyaga pedeli isiyokuwepo. Mama alifumua kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza kwenye mpera.

"Kiota kimefika wapi?"

"Si hicho hapo mbele yako, mama?"

Vidole vyake vikaendelea kufumua. Nikamtazama vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye tawi tupu, na ndege yuko upande wa pili kabisa, anapiga kelele zake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile oda ya mapazia."

Mapazia niliyamaliza mwezi uliopita.

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilikuwa nakuita kila siku, mwanangu."

Shati likaniponyoka. Mwili wote ulitaka kuinuka na kukimbia, kwa daktari, kwenye cherehani, popote pale. Nikajikalisha kwa nguvu, nikaukodolea macho mpera.

"Amening'inia kichwa chini," nikasema. "Ana unyasi mdomoni, mrefu kumzidi mwenyewe. Anaupenyeza... anauvuta... lo, umemponyoka!"

Mama akacheka. Mimi machozi yakanitoka, nikayafuta kimyakimya kwa mkono wa shati la watu, nikidhani hatajua.

"Lia, lakini usinyamaze," akasema. "Ameokota mwingine?"