Kuonja Si Kula

"Presha imepanda tena," daktari alisema, akimvua Mzee Kolea mkanda wa kipimo mkononi. "Chumvi umeacha kweli?"

"Nimeacha! Muulize mke wangu."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Na ni kweli, nyumbani Mzee Kolea alikuwa anakula chukuchuku bila kununa. Sigara ameacha, na kila jioni anatembea mpaka majirani wanamtania kwamba anatafuta mke wa pili. Sasa presha inapanda kwa lipi?

"Moyo wako umechoka, mzee. Ukiendelea hivi utaanguka, na sijui kama utainuka."

Walipotoka hospitali, mkewe akamsindikiza kazini. Kwenye mlango wa nyuma wa kantini ya kiwanda, alikokuwa mpishi mkuu, mkewe akasimama.

"Baba watoto, hapa unajuaje kama mchuzi umekolea?"

"Naonja."

"Masufuria yote?"

"Nisipoonja nipige ramli? Kuonja si kula, bwana!"

"Asubuhi mpaka jioni?"

Akaanza kuhesabu vijiko kwa vidole. Lo! Kumbe ugonjwa alikuwa anaulisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko.

Siku hiyo jikoni hakutulia. Alifunua sufuria, akafunika, akafunua tena. Aliosha mikono isiyo na uchafu. Chumvi alitia kwa mkono uliozoea, lakini kijiko kikamshinda kukipeleka mdomoni. Aliogopa kufa, usimwone vile. Ila mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Jina lenyewe la Kolea alipewa kwa ulimi huo. Akiutoa, anabaki nani?

Foleni ilikuwa imeanza kupiga kelele nje. Akamgeukia mwosha vyombo, mama mmoja mpole ambaye hakuwahi kumuuliza chochote zaidi ya sabuni iko wapi.

"Dada, hebu njoo unionjee."

Yule mama akafuta mikono, akaonja, akatazama chini.

"Sema basi!"

"Chumvi imezidi, mzee."

"Leo mkono umeteleza."

"Si leo tu. Siku zote. Tulikuwa tunakuogopa."

Aibu ikamjaa usoni. Nje wakagonga sahani. Akafungua dirisha la kugawia, na wa kwanza kwenye foleni, baba mmoja mnene anayehema kwa kusimama tu, akamchekea na kunyoosha sahani.

"Mzee Kolea! Leo usininyime, niongezee mchuzi."