Robo ya Tangi la Mwalimu Gozbert

Gari la Mwalimu Gozbert lilikuwa linakunywa. Siyo kuonja, kunywa! Jumatatu asubuhi anatia mafuta kituoni Benaco, anajipa moyo kwamba wiki hii tutafika. Jumatano jioni mshale umelala chini, na bado Alhamisi na Ijumaa zinamkodolea macho.

Ilikuwa Corolla ya zamani, ya kabureta, rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Kila siku Gozbert alishuka nalo kutoka kwao Kirushya mpaka shule anayofundisha upande wa Lukole, jioni akapanda nalo. Kushuka si shida. Shida ni kule kupanda. Umefundisha watoto tisini na wawili darasa moja, chaki imekujaa mpaka kwenye nyusi, sauti imekwisha, halafu unaukuta mlima unakusubiri palepale ulipouacha. Gia ya pili, mguu chini, injini inanguruma, na macho ya Gozbert hayako barabarani. Yako kwenye mshale.

Sasa utauliza, kwa nini asiliuze akapumzika? Aah, hapo ndipo penye kazi.

Kitongojini kwao kulikuwa na ngobyi, ile machela ya kusuka yenye miti miwili. Inaning'inia chini ya paa la nyumba ya Yohanes, katibu wa ngobyi. Mtu akizidiwa, wanaume wanapigiana simu, wanne wanaibeba, wengine wanafuata nyuma ili wapokezane, mpaka hospitali, juu zaidi mlimani. Kila nyumba ina bega lake kwenye daftari. Ukikosa zamu, faini dumu la rubisi, pombe ya ndizi. Ukikosa mara tatu, unafutwa, na siku ukiugua wewe au mama yako, ngobyi haitoki. Haijawahi kumpata mtu hiyo, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Gozbert aliponunua gari, miaka sita nyuma, Mzee Anastazi alisimama kwenye kikao akasema mwalimu asibebe tena. "Bega lake ni lile gari. Ngobyi ikiitwa, gari liitike." Watu wakapiga makofi, Yohanes akachora mstari juu ya jina lake. Na kweli, gari liliitika. Lilipandisha wajawazito, likapandisha walioumwa na nyoka, likapandisha hata babu mmoja ambaye wajukuu walikuwa wameshamuaga, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Kwa hiyo lile gari halikuwa la Gozbert peke yake, na Gozbert alijua. Alijua vizuri tu. Ila alikuwa amechoka.

Jumamosi moja akalipeleka Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kwa fundi Shibuda. Huyu ni Msukuma, baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, na watu walisema anasikiliza injini amefumba macho kama mtu anayesali.

"Mwalimu, karibu. Linakula?"

"Halili, Shibuda. Linafakamia."

Shibuda akafungua plagi moja, akaigeuza juani. "Ona hii. Nyeusi kama sufuria la msibani. Petroli nyingi inaungua bure humu."

"Nifanyie linywe kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kufika Ijumaa."

Shibuda akacheka mpaka akashika boneti. Akafungua kabureta, akatoa kidude cha shaba, kidogo kuliko punje ya harage, akakiweka kwenye kiganja cha Gozbert. "Hii ndiyo jeti. Kitundu hicho ndimo petroli inamopita. Nikikupa yenye kitundu chembamba zaidi, gari litapunguza kunywa. Lakini na nguvu nayo inapita hapohapo, mwalimu. Haina mlango mwingine."

"Nguvu ya nini? Naenda kazini peke yangu."

"Na ule mlima wenu? Hupakii mtu?"

Gozbert akatazama pembeni. "Mara mojamoja."

"Mara mojamoja nani?"

"Shibuda, umekuwa polisi? Funga jeti."

"Haya nafunga. Tambarare utanisifia. Mlimani usinipigie simu." Shibuda akainama kuchukua bisibisi. "Halafu hizi tairi za nyuma ningeziinua nizitazame, kuna kitu nasikia..."

"Siku nyingine. Nataka kufika nyumbani nilale."

Ile jeti ya zamani Gozbert akaitia kwenye kiberiti kitupu, akaiweka nyumbani kwenye kabati la vyombo, nyuma ya chupa ya chai.

Basi, wiki ya kwanza, Ijumaa jioni, mshale bado uko hai! Gozbert hakuamini. Aliegesha kando ya barabara akaupiga picha kwa simu, akamtumia mkewe Avelina. Hakuandika neno, alituma picha tu. Avelina akajibu, "Ndo nini hii?"

Lakini mlima ulijua kilichofanyika. Pale alipokuwa anapanda na gia ya pili sasa akapanda na ya kwanza, na ya kwanza yenyewe inalia. Akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani walimsalimia mara mbili, mara ya kwanza anapowafikia, mara ya pili wanapompita. Watoto wa shule wakawa wanakimbia ubavuni.

"Mwalimu, tukusukume?"

"Someni hesabu!"

Injini ikawa inachemka, anasimama kuipooza, anakaa kwenye jiwe anaangalia migomba. Alikuwa anafika nyumbani saa kumi na mbili, sasa saa moja. Mgongo unauma, miguu inauma, hata hamu ya kula hana.

"Gari limeacha kunywa," Avelina akamwambia, anamwekea maji ya kunawa, "sasa wewe ndiye unaisha."

"Linafika Ijumaa, Avelina."

"Linafika. Na siku wakikupigia simu?"

"Litapanda."

"Umelijaribu na watu?"

Gozbert akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

Wakapiga simu Jumapili, watu ndiyo kwanza wametoka kanisani. Mzee Anastazi alikuwa ameingia shambani kukata mkungu, mvua ilinyesha usiku, mguu ukateleza, na mkungu wenyewe ukamshukia juu ya paja. Paja likavunjika.

"Mwalimu," Yohanes akasema kwenye simu, "leta bega."

Wakamlaza mzee kiti cha nyuma, paja limefungwa na vijiti na kitenge, kichwa mapajani kwa mkewe Deodata. Yohanes akakaa mbele. Gozbert akawasha, bado amevaa shati la kanisani na viatu alivyong'arisha jana.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Endesha taratibu, mwanangu. Huu mguu sasa hivi si wangu, ni wa shetani."

Alivyotaka taratibu, alipata. Mlima wa hospitali ulipoanza tu, gia ya pili ikakataa, akatia ya kwanza. Gari likatembea mwendo wa mtu anayerudi mnadani na mbuzi hajauzwa. Kwenye kona ya kwanza likatetemeka. Kwenye kona ya pili likazima, na Gozbert akavuta breki ya mkono mpaka jino la mwisho, kama afanyavyo kila mtu wa milimani.

"Nini?" Yohanes akauliza.

"Shuka kidogo, nipunguze uzito."

Yohanes akashuka, akasukuma. Hatua ishirini, likazima. Moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti. Gozbert akapata wazo la madereva wa zamani: akaligeuza gari, apande kinyumenyume, maana gia ya nyuma ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mzee Anastazi kichwa kikamteleza mapajani kwa mkewe kikaning'inia chini, miguu ikabaki juu ya kiti.

"Gozbert! Unanipeleka hospitali au unanirudisha nilikotoka?"

"Vumilia, mzee!"

"Damu yote imekuja kichwani! Deodata, nimekuwa mwekundu?"

"Wewe na huo weusi wako utakuwaje mwekundu? Nyamaza," Deodata akasema, huku machozi yanamtoka.

Wakapanda hivyo mpaka kwenye mti mkubwa wa mkaratusi, injini ikagonga mara tatu, kok kok kok, ikanyamaza. Ikanyamaza kabisa. Nyuma kelele za mzee nazo zikakoma, na hiyo ndiyo ilimtisha Gozbert. Akageuka. Mzee alikuwa amefumba macho, jasho linamtiririka, meno ameyauma.

Yohanes alikuwa ameshika boneti, akatoa mkono haraka, ya moto. "Hili gari mwaka jana lilitupandisha watu watano na mbuzi. Limepatwa na nini?"

Gozbert angeweza kusema plagi. Angeweza kusema mafuta machafu. Alikuwa amechoka hata kutunga uongo.

"Nilipunguza jeti."

"Ulipunguza nini?"

"Nguvu. Nilikwenda kwa fundi nikaipunguza ili mafuta yanifikishe Ijumaa. Ya zamani iko nyumbani kabatini."

Yohanes akapangusa kiganja kwenye suruali. Akatoa simu, akasogea pembeni, Gozbert akamsikia anaongea Kihangaza, maneno machache tu: leteni ngobyi, tupo kwenye mkaratusi.

Wanaume tisa wakaja wanakimbia, wengine bado na nguo za kanisani. Wakamhamisha mzee. Wanne wakasogelea miti, na Gozbert akasogea akashika mmoja wa mbele.

Yohanes akamzuia. "Wewe jina lako halipo, mwalimu."

Hakumfokea. Alisema kama mtu anayesoma daftari. Wale wanaume wakatazama chini, hata Modestus, jirani yake wa mpakani, anayekunywa naye rubisi kila sikukuu. Gozbert akabaki ameshika ule mti, hajui auachie au auondoe mkono taratibu ionekane hakuushika.

"Yohanes," sauti ikatoka kwenye ngobyi, nyembamba. "Mimi ndiye nilisema asibebe. Sivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi nami ndiye nasema abebe. Na awe mbele, upande wa paja. Akinitikisa nimwone."

Wakainua. Oyaa, miaka sita bega la Gozbert lilikuwa halijaonja mti! Hatua mia za kwanza alidhani mfupa unapasuka. Viatu vya kung'aa vikateleza kwenye tope, akavivua kwa kukanyaga visigino, vikabaki njiani, Deodata akaviokota. Wenzake walipokezana. Modestus akaja kumpokea, Gozbert akatikisa kichwa. Akaja mara ya pili, akatikisa tena.

"Mwalimu," mzee akaita kutoka juu.

"Naam."

"Wewe kwa umbali huu unakula lita ngapi?"

Kicheko kikawapasuka wote, ngobyi ikayumba, mzee akapiga ukelele wa maumivu na kuwatukana mmoja mmoja kwa jina la baba yake. Gozbert naye akacheka, jasho na kitu kingine vinamtoka machoni, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

Madaktari wakampokea mzee, wakamfunga paja. Wiki mbili baadaye alirudi nyumbani na plasta nzito, wakakaa kikao uani kwake. Yohanes akafungua daftari.

"Mwalimu Gozbert. Gari au bega? Tuandike nini?"

"Niandike bega," Gozbert akasema. "Na gari msilifute."

"Gari linapanda?"

"Litapanda."

"Si ndivyo ulivyotuambia mwanzo?"

"Sikuwaambia. Nilimwambia mke wangu. Ninyi sasa ndiyo nawaambia."

Jumamosi iliyofuata alikuwa tena Nyakahura na kiberiti mfukoni. Shibuda alikifungua, akaiona jeti, akafunga mdomo asicheke. Akairudisha mahali pake. Safari hii aliinua gari nyuma, akaizungusha tairi kwa mkono. Ikagoma, ikasogea kidogo tu.

"Breki ya mkono. Mnaivuta mpaka jino la mwisho huko milimani kwenu, imeganda, pengine mwaka sasa, haiachii. Mwalimu, wewe ulikuwa unapanda mlima hata kwenye tambarare."

"Mwaka mzima?"

"Mimi si nilikwambia niziinue? Ukasema unakwenda kulala."

Akailegeza, akaipaka grisi, akamwambia usiku aegeshe kwa gia na jiwe. Ikasaidia. Gari halikufika Ijumaa, tusidanganyane. Lilifika Alhamisi asubuhi. Na Gozbert akajiwekea sheria yake, hakumtangazia mtu: mshale ukifika robo, gari linalala. Hiyo robo si ya shule, ni ya mlima.

Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa anatembea. Anaamka saa kumi, anapita karibu na gari lake lililotulia chini ya migomba, jiwe kwenye tairi, tangi lina robo kamili. Anashuka kwa miguu mpaka barabara ya lami akabahatishe lori. Jioni anapanda kwa miguu hiyohiyo, bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine, begi la madaftari linamvuta upande.

Mzee Anastazi anakaa mlangoni na plasta yake imenyooshwa juu ya kigoda. Hapitwi na mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Na gari je, limekufa?"

"Halijafa. Linakusubiri wewe."

"Liambie lisubiri sana!" mzee anapaza sauti, na Gozbert anahamishia begi bega la pili, anaendelea kupanda.