Thelatashara

Mwaka ule wa tisini na sita nilikuwa nimechoka hadi kuyachukia magari. Miaka thelathini nilitengeneza injini kwa sikio na bisibisi, kisha mlango wa biashara ukafunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakajaa Mbagala, kila moja na taa ya kukuambia linaumwa. Injini ikijisemea ugonjwa, fundi wa nini?

Aliyezielewa taa hizo kwenye gereji yangu alikuwa Adelard, fundi mwenzangu kutoka Bukoba, mtu mwenye mke na watoto. Aliinamia boneti, akaunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, na taa kwenye dashibodi ikaanza kukonyeza. Mimi nilikaa kwenye usukani kuhesabu. Nikishamtajia namba, aliitafuta kwenye karatasi yake ya namba na maana zake, akajua pa kushika.

Gari la Mwalimu Tusajigwe lilikuwa linazimika kila likipanda kilima. Nilimtajia Adelard kumi na tatu, akabadilisha distributa. Wiki haikuisha, likarudi. Nikahesabu tena, kumi na tatu, akaweka distributa nyingine. Lilipoletwa mara ya tatu likivutwa kwa kamba, nilipandwa na hasira. Mbele ya mafundi wote, wateja na mama lishe, nilimwambia Adelard kwamba yeye si fundi, ni mtu wa kubahatisha, na akusanye spana zake. Alizikusanya, akaondoka. Gereji za jirani zilisikia, na hakuna iliyompokea.

Siku ya nne mwalimu alikuja kuliulizia gari lake. Sikuwa na wa kunisaidia, hivyo nilimwomba yeye akae kwenye usukani ahesabu, mimi nishike waya. Akaniambia thelathini na moja. Nilimwambia arudie, tena kwa ukali. Akarudia.

“Mzee, imekonyeza mara tatu, ikatulia, ikakonyeza moja. Thelathini na moja.”

“Si ndiyo hiyo hiyo? Thelatashara.”

Aliuliza hiyo ni lugha gani. Nikamweleza kwamba ndivyo tulivyofundishwa kuhesabu chuoni, kwa maalimu wetu wa Kurani: thelatha ni tatu, ashara ni kumi, tatu inatangulia, kumi inafuata, na hiyo ndiyo kumi na tatu. Nilipokuwa nikieleza, ulimi ukaanza kuwa mzito. Mwalimu, ambaye kazi yake ni kufundisha hesabu, hakunicheka. Alisema tu kwamba huenda waliotengeneza gari hili wanatanguliza makumi.

Kwenye karatasi ya Adelard, aliyoiacha ukutani, thelathini na moja ilikuwa sensa ya hewa, kidude cha kupima hewa inayoingia kwenye injini. Waya wake ulikuwa umekatika ndani ya ganda, unashika na kuachia. Niliuunga kwa robo saa. Gari likapanda kilima na kurudi bila kukohoa.

“Na yule fundi uliyemfukuza?” mwalimu aliuliza.

Nilikwenda kwake Mtoni jioni ile ile. Nilimkuta Adelard akifunga mizigo, familia nzima inarudi Bukoba. Mkewe alinipa kigoda, lakini hakunisalimia. Nilieleza yote bila kujitetea, nikamwomba radhi. Adelard aliendelea kukunja shati.

“Kunifukuza ulinifukuza mbele ya watu, mzee. Kuniomba radhi umenifuata chumbani.”

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Nikamwomba apite gereji kesho kabla ya safari.

Asubuhi alikuja. Niliwaita mafundi, mama lishe na wa gereji za jirani, nikawaambia kwamba aliyekosea ni mimi, mara zote mbili, na kwamba Adelard alitengeneza kile nilichomtajia. Kuna waliocheka. Nikawaacha wacheke.

Nilidhani sasa atabaki. Ovaroli yake aliyoiacha nilikuwa nimeshaifua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia kwenye begi.

“Nashukuru, mzee. Sasa naenda kwetu nikiwa fundi.”