Ufa Nyuma ya Kabati la Bibi

Mwanakhamis aliacha kazi ya ualimu mwaka ule alipogundua kwamba binti yake Nabiha, katika darasa la watoto sabini, alimaliza muhula mzima bila kuulizwa swali hata moja. Akamtoa skuli, akaanza kumsomesha nyumbani kwao, Mji wa Kale, pamoja na mdogo wake Salwa. Mumewe Aidarus, karani wa ghala moja huko Shimanzi, aliridhia. Aliyekataa ni mama yake Aidarus, Bi Swafia, ambaye nyumba ile aliingia akiwa bibi arusi.

"Mtoto ashika ufagio mpaka saa tatu," Bi Swafia aliwaambia wageni wake, mkaza mwana wake akisikia, "kisha naambiwa yuko skuli."

Mwanakhamis aliendelea na ratiba yake. Kila mtoto alikuwa na kazi yake: Salwa, wa miaka saba, aliosha vikombe na kuchambua mchele, Nabiha, wa kumi na moja, alifagia ngazi na chumba cha bibi yake ghorofani. Baada ya hapo ndipo vitabu vilipofunguliwa, na alasiri wote wawili walikwenda chuoni kusoma Kurani na wenzao wa mtaani.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, Nabiha alishuka na kizoleo mkononi.

"Mama, unga mweupe huu niliuzoa jana. Leo uko tena, pale pale."

Mwanakhamis aliutia kidole. Ulikuwa chokaa. "Watoka wapi?"

"Sijui."

"Basi hesabu ya kitabuni ingoje. Nenda ukatafute."

Wakalisukuma kabati la Bibi, wote watatu, na nyuma yake wakaona ufa ulioshuka kutoka darini hadi kimo cha kiuno. Nabiha akaupima kwa rula: milimita tatu mahali palipokuwa papana zaidi. Akaandika daftarini, na tarehe. Kisha mama yao akawaonyesha jinsi ya kubandika ukanda wa karatasi nyembamba juu ya ufa kwa uji wa unga wa ngano. Ukuta ukitulia, aliwaambia, karatasi itakaa nzima. Ukitembea, itachanika.

Siku ya tisa karatasi ilichanika. Rula ikaonyesha milimita tano.

"Sasa twajua ukuta watembea," Mwanakhamis alisema. "Hatujajua kwa nini."

Masika yalikuwa yamekolea. Siku hiyo hiyo walitoka na mwavuli mmoja, wakaingia kichochoro cha nyuma, wakasimama kutazama juu huku mvua ikiwapiga mabegani. Nabiha alihesabu madirisha mpaka akalipata la Bibi. Lakini ni Salwa aliyeona.

"Mfereji umekatika! Maji yaingia ukutani!"

Kweli. Mfereji wa bati unaopokea maji ya paa ulikuwa umeng'oka, na maji yote ya upande ule yalimiminika kwenye mawe, juu tu ya kitanda cha Bi Swafia. Nabiha aliuchora ukuta mzima akiwa amerowa chapachapa, karatasi ameikinga kifuani.

Waliporudi ndani, Mwanakhamis alimwomba mavyaa wake alale chumba cha chini mpaka fundi apatikane.

"Nimelala chumba hiki miaka arubaini," Bi Swafia alisema. "Nimezalia humu watoto wanne. Leo nihamishwe na daftari?"

Mwanakhamis alifungua kinywa, lakini Nabiha alimtangulia.

"Bibi, usituamini sisi. Bandika karatasi wewe mwenyewe."

Bi Swafia alikivuta karibu kibakuli. Kisha akachovya vidole ndani ya uji, akabandika, akaikandamiza kwa kiganja kama abandikaye chapati kikaangoni. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mvua haikupumua siku mbili. Jumamosi asubuhi alichungulia nyuma ya kabati kabla hajanywa chai, akaikuta karatasi yake imechanika. Halafu akachukua mto wake na msala wake, akashuka.

"Haya," alimwambia Nabiha kwenye ngazi. "Nitilieni kitanda huko chini."

Jumatatu Aidarus alimleta Kadenge, fundi mwashi aliyezoea nyumba za mawe. Kadenge aliweka nguzo za kuegemeza dari, akaubandua ukuta polepole. Ncha ya boriti iliyobeba dari ya chumba ilikuwa imeoza. Aliifinya kwa vidole ikamomonyoka kama mkate ulioloa. Akageuka kumwangalia Aidarus.

"Bwana Aidarus, wiki mbili tatu tena dari hii ingekuwa kitandani. Nani aliwaambia?"

Aidarus alimpa daftari. Fundi alifunua kurasa moja moja: tarehe, milimita, picha ya ukuta yenye mshale mahali maji yalipoingilia.

"Mhandisi gani huyu?"

"Huyu hapa," Aidarus alisema, akamshika Nabiha bega. "Na msaidizi wake yule mwenye mapengo."

Kadenge alicheka, kisha akaacha kucheka. "Methali ya ufa na ukuta kila mtu aijua," alisema. "Kuupima ufa, watu wazima hawapimi."

Mwanakhamis alikuwa mlangoni. Kulikuwa na siku alizojiuliza, akianika nguo, kama hakuwakosea wanawe. Aliinama kuokota kipande cha chokaa ambacho hakikuhitaji kuokotwa.

Siku ya kupiga lipu, Kadenge alimwita Nabiha kichochoroni. "Binti, chokaa moja kwa mchanga tatu. Nina mchanga karai saba na nusu."

"Chokaa mbili na nusu," Nabiha alijibu, hata kabla fundi hajashika sepetu.

Wanawake wawili wa mtaani walikuwa wakipita na vikapu vyao. Bi Swafia, aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa, akanyoosha mkono kuwazuia.

"Zungukeni upande wa pili, wanangu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa kichochoro. "Mjukuu wangu yuko kazini."